Waini nyekundu ya Lebanon isiyopita kwenye pipa: niiweke kabatini au tuinywe Jumamosi?

Binti wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua waini, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Kaka yangu anafanya kazi melini. Safari hii walitia nanga Beirut, akaniletea chupa ya waini nyekundu ya huko. Imeandikwa Musar Jeune. Ni mchanganyiko wa zabibu za aina tatu, Cinsault, Syrah na Cabernet Sauvignon, zote za Bonde la Bekaa, na haikuwekwa kabisa kwenye pipa la mwaloni.

Waini nilizozoea ni za Dodoma na hizi za Afrika Kusini tunazonunua supamaketi. Za Afrika Kusini nyingi zinajisifia pipa, miezi kumi na miwili, mingine kumi na minane. Hii inatangaza kwamba pipa haijaliona. Shemeji yangu anasema basi haijakamilika, niiache kwenye kabati la sebuleni miaka mitano ikomae yenyewe. Mume wangu anataka tuifungue Jumamosi, wazazi wake wanakuja kula. Napika pilau ya mbuzi, pweza wa nazi na kachumbari, na mama mkwe chakula bila pilipili hali.

Jambo jingine ni joto. Mnajua Februari ya Dar ilivyo, na sebuleni kwetu kuna feni tu. Nimeambiwa waini nyekundu haiingii kwenye friji hata kidogo, ni mwiko. Sasa nifanyeje? Chupa ni moja, na kaka ameibeba kutoka mbali. Nataka niitendee haki.

Kigogo Msafiri

Dada, sikiliza shemeji yako. Waini nyekundu ni umri. Angalia bei za Afrika Kusini: iliyokaa kwenye pipa ni ghali, isiyokaa ni rahisi, na mfanyabiashara hatupi hela bure. Iweke mahali pa giza, uisahau. Kwenye friji usiiingize, utaua harufu yote. Nimeona mwenyewe Ulaya, nyekundu inaletwa mezani bila ubaridi wowote.

Mnyweshaji wa Msasani

Dada, salama. Kazi yangu ni kuhudumia waini kwenye mgahawa huku peninsula, na chupa hii nimeshawafungulia wageni. Nakuomba sana usiiweke kabatini. Ipoze, muinywe Jumamosi hiyohiyo. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu naumia kuona waini nzuri zinavyoharibikia sebuleni hapa mjini.

Tuanze na pipa. Mwaloni unaipa waini ladha ya mti wenyewe: vanila, karafuu, moshi kidogo. Unaongeza na ukakasi, ule unaoukunja ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi. Halafu mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, kwa hiyo waini iliyo kali hulainika humo ndani taratibu. Cabernet Sauvignon ya ganda nene inahitaji kazi hiyo. Cinsault, ambayo ndiyo inayoongoza kwenye chupa yako, haiihitaji. Tunda lake ni kubwa, ukakasi wake mdogo, rangi haina uzito, na harufu yake ni ya stroberi na maua. Uifungie kwenye mbao mpya, utakachonusa ni mbao. Syrah wameiweka iongeze rangi na pilipili manga kwa mbali, Cabernet iipe uti wa mgongo. Haikosi kitu.

Na wenye chupa hii mapipa wanayo. Waini yao kubwa, Château Musar, hukaa mwaka mzima kwenye mapipa ya Ufaransa, na haiuzwi mpaka mwaka wa saba tangu zabibu zivunwe. Hiyo ndiyo ya kuweka, hata miaka thelathini, kama una pa kuiweka. Hii Jeune wameamua tangu shambani kwamba itakuwa ya kunywa mapema. Inachachuka kwenye matangi ya saruji, inaingia kwenye chupa, basi. Anayeizika miaka mitano anasubiri kitu ambacho hawakukitia humo.

Kaka Kigogo, kuhusu bei uko sahihi kwamba iliyokaa kwenye pipa ni ghali, ila tazama sababu. Pipa la Kifaransa la lita 225 linatoa chupa 300 hivi, na likiwa jipya linagharimu mamia ya euro. Gharama hiyo mnunuzi ndiye anayeilipa, waini iwe nzuri au iwe ya kawaida. Nimeonja waini za bei kubwa ambazo zabibu yake ilikuwa dhaifu na mbao zikaifunika. Isiyopita kwenye pipa haina pa kujificha. Zabibu ikiwa mbovu unajua papo hapo.

Tena kwenye ardhi zile kongwe za waini, pipa ndilo lililochelewa kufika. Wafoinike, waliokaa pwani hiyohiyo ya Lebanon, walikuwa wakipeleka waini baharini kwenye mitungi ya udongo iliyopakwa utomvu ndani. Mwaka 1999 zilichunguzwa meli zao mbili zilizozama mbali na pwani ya Ashkelon kwenye karne ya 8 kabla ya Kristo, na mitungi ya waini ilikuwa bado imelala kwa mamia kwenye kina kirefu. Kusini mwa Sidoni, pale Tell el-Burak, kimefukuliwa kinu chao cha kukamulia zabibu cha karne ya 7 kabla ya Kristo, kimesiribwa kwa plasta ya chokaa. Mapipa ya mbao Warumi waliyakuta kwa watu wa Gaul, Ufaransa ya leo, wakayatumia kwa waini baadaye kabisa. Na ni Warumi haohao waliojenga hekalu la Bacchus, mungu wao wa waini, kule Baalbek ndani ya Bekaa kwenyewe, karne ya 2 baada ya Kristo. Nguzo zake zimesimama mpaka leo. Kwa hiyo waini ya bonde lile isiyojua mwaloni isikupe wasiwasi hata kidogo.

Sasa joto, na hapa naomba msome kwa makini, maana ndipo chupa nyingi za Dar zinapokufa.

Ule usemi wa kunywa nyekundu kwa joto la chumba ulianzia kwenye nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Ndiyo maana kaka Kigogo aliletewa mezani bila kupozwa: ilikuwa imeshapoa yenyewe huko ilikotoka. Sebule ya Tabata mwezi wa pili ina nyuzi 30 na zaidi. Kwenye joto hilo kileo kinapanda puani kabla ya harufu ya tunda, ukimeza koo linaungua, na utamu wa zabibu unakuwa mzito kama umepikwa. Mtu anasema waini hii mbaya, kumbe imeletwa mezani ya moto.

Nyekundu yenye ukakasi mwingi usiipoze sana, kwa kuwa baridi huuzidisha ukakasi ukawa mkavu na mchungu. Hapo ndipo ulipotoka mwiko wa friji. Isiyopita kwenye pipa na yenye ukakasi mdogo kama hii inapenda nyuzi 14 au 15. Harufu inajikusanya, uchachu unaamka, unajisikia kunywa tena.

Vitabu vitakwambia friji nusu saa. Nusu saa hiyo ni ya mtu ambaye chupa yake imetoka kwenye nyuzi 20. Ya kwako inatoka kwenye 30, nusu saa haitoshi. Iache kwenye friji karibu saa mbili, sehemu ya chini, si kwenye friza. Umeme ukikatika, au friji imejaa vyakula vya wageni, chukua ndoo, tia barafu halafu tia maji mpaka yafike shingo ya chupa. Barafu peke yake haigusi chupa vizuri, maji ndiyo yanayobeba ubaridi. Robo saa inatosha. Ukitia kiganja cha chumvi inapoa haraka zaidi, basi usiisahau humo. Mimina kidogo kidogo, thuluthi ya glasi, chupa irudi kwenye ndoo, kwa sababu kwa joto letu glasi iliyojaa inapata moto kabla hujaimaliza.

Na lile kabati la sebuleni, kadhalika juu ya friji ambako nusu ya nyumba za mji huu zinapanga chupa: usifanye hivyo hata kwa miezi michache. Kwenye nyuzi 30 waini inazeeka mbio na vibaya, kizibo kinasukumwa juu, harufu inakuwa ya zabibu kavu zilizochemka. Ghala la chini ya ardhi la nyuzi 13 hatuna. Kwa Dar, waini ya kunywa mapema ndiyo yenye akili, na ningependa maduka yetu yalete nyingi za namna hii kuliko zile nzito za pipa tunazoshindana nazo kwenye jasho.

Chakula chako kinafaa kabisa. Pilau ya mbuzi yenye bizari nyembamba na mdalasini ni ndugu wa chakula cha Walebanoni wenyewe, wanaokula kondoo na viungo kila siku. Pilipili inauma zaidi ikikutana na kileo cha moto na ukakasi, kwa hiyo mama mkwe atafurahia hii iliyopozwa kuliko Cabernet yoyote ya pipa. Pweza wa nazi nisingempa nyekundu nzito, maana vitu vya baharini na ukakasi mkali huacha ladha ya chuma mdomoni. Hii inampita salama. Angalizo langu ni kachumbari: ndimu usiikamulie yote, ikizidi waini itaonekana imepooza.

Mzabibu wa Hombolo

Nimefurahi kusoma hapa. Mimi nimezaliwa Hombolo, Dodoma, mizabibu ya mzee wangu ndiyo iliyonisomesha, sasa niko Kimara. Nimwongezee dada kitu kuhusu shamba, kwa kuwa waini haianzii kwenye tangi.

Bekaa iko mita elfu moja hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima miwili. Dodoma nayo iko elfu moja mia moja na kitu. Ukiona hivyo utadhani ni mashamba pacha. Tofauti ni majira. Kule theluji inaanguka, mzabibu unapukutisha majani, unalala miezi, unaamka, unazaa mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Sisi ndio tunaoulaza kwa kuupogoa na kuunyima maji, ndiyo maana tunavuna mara mbili, kiangazi kikiwa katikati na tena mvua zikiwa zinaelekea mwisho. Vuno la kiangazi, Agosti na Septemba, sukari yake imetulia. La Februari na Machi linapigana na unyevu na kuvu, mkulima halali.

Namwambia dada hivi ili akionja Jumamosi asikilize uchachu. Usiku wa Bekaa ni wa baridi, zabibu inaiva bila kupoteza ule uchachu, na ndio unaoibeba waini isiyo na pipa. Zabibu yetu nyekundu ya Makutupora ina matunda mazuri mdomoni, na mimi naamini kwa moyo wangu wote kwamba ingependeza ikitengenezwa kavu, bila pipa na bila sukari ya kuongezwa, ipozwe namna hii mnyweshaji anavyosema. Wapo wanaofanya kavu, nawaheshimu. Lakini soko limezoea tamu, na mkulima anabeba zabibu mgongoni akiomba tu mnunuzi afike kabla hazijaoza. Hilo linaniuma.

Kwa mnaokunywa za Afrika Kusini: ile Pinotage mnayoipenda ni mtoto wa hii Cinsault. Profesa Abraham Perold aliipandikiza chavua na Pinot Noir kule Stellenbosch mwaka 1925. Kwa hiyo dada, ukiona harufu imekujia kama unaifahamu, ni mzazi wake unakutana naye.

Kigogo Msafiri

Nimewaelewa kuhusu joto, hoja ya nyumba za Ulaya ni nzito. Lakini mnyweshaji, unaposema ardhi kongwe za waini, kongwe kuliko zote si Georgia, ile nchi jirani ya Urusi? Lebanon inaingiaje?

Mnyweshaji wa Msasani

Kweli kabisa, kwa ushahidi uliopo Georgia iko mbele. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikuta mabaki ya waini kwenye vigae vya vyungu vya Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, vya takribani miaka 6000 kabla ya Kristo. Na wenyewe hawajaacha: wanafukia chini ya ardhi mitungi mikubwa ya udongo inayoitwa qvevri, zabibu zinachachuka humo pamoja na maganda. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2013. Armenia nayo ina pango la Areni, lenye kinu cha kukamulia na mitungi ya miaka zaidi ya 4000 kabla ya Kristo. Waini nyekundu ya Georgia itafute uonje, zabibu yao Saperavi ni nyekundu mpaka nyama ya ndani, ila ni nzito zaidi ya hii ya dada.

Lebanon sifa yake ni kuisafirisha. Wafoinike ndio walioipeleka waini na mizabibu kwenye bandari za Mediterania, mpaka Hispania. Baadaye Cinsault yenyewe ikaja Bekaa kutoka Algeria, ikiletwa na mapadri Wajesuiti walioanzisha kiwanda cha waini cha Ksara mwaka 1857. Na hawa Musar, waliofungua mwaka 1930, wana mashamba Bekaa na kiwanda Ghazir, ng'ambo ya mlima upande wa bahari. Wakati wa vita, kuanzia 1975 mpaka 1990, malori ya zabibu yalikuwa yanavuka mlima huo katikati ya mapigano. Mwaka 1976 haikuwezekana kutengeneza waini. Miaka mingine waliendelea. Mimi nikimimina chupa yao namwambia mgeni habari hiyo, kwa kuwa watu waliokataa kuiacha zabibu ioze shambani wakati wa mabomu wanastahili kutajwa mezani.

Binti wa Tabata

Jamani asanteni, nimemsomea mume wangu yote na shemeji pia. Chupa imetoka kabatini, iko chini ya kitanda kwenye sakafu ya vigae mpaka Jumamosi, ndipo penye ubaridi hapa kwetu. Maswali mawili ya mwisho. Inabidi niimimine kwenye jagi ipumue kabla? Na ikibaki, maana baba mkwe hanywi, naitunzaje?

Mnyweshaji wa Msasani

Chini ya kitanda ni pazuri. Ilaze kama ina kizibo cha gome.

Jagi halihitajiki. Kupumua kunazifaa waini za zamani zilizofungiwa miaka, au zile zenye ukakasi mgumu. Hii ukiiacha kwenye jagi kwa joto la Tabata saa nzima, unapoteza harufu ya tunda ambayo ndiyo mali yake yote. Fungua wakati pilau inapakuliwa. Ikikujia kwanza na harufu ya kufungiwa, zungusha glasi mara chache, itaondoka. Glasi iwe na tumbo kidogo na mdomo mwembamba. Zile bilauri zilizonyooka za juisi zinaachia harufu yote.

Ikibaki, ihamishie palepale kwenye chupa ndogo safi, hata ya maji ya nusu lita, uijaze mpaka juu hewa isibaki, funga, weka kwenye friji. Siku mbili itakuwa nzuri bado, ya tatu inaanza kuchoka. Pipa halijaipa kinga ya kuvumilia hewa, kwa hiyo usiivute wiki. Ikishachoka, kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyama ya ng'ombe yenye mfupa, mimina waini yote, acha ichemke bila kifuniko mpaka kileo kiruke, ndipo utie nyanya na maji. Moto mdogo, saa mbili na nusu.